Jina la Mbele

Mama Ramani alirudi nyumbani na habari njema, na ndiyo habari hiyo iliyotaka kuivunja nyumba yake.

Hakuzaliwa na jina hilo. Alipewa ofisini, idara ya maji, kwa kuwa meza yake ndiyo iliyobeba ramani za bwawa zima: kina cha maji, vijiji vilivyozama, njia zilizokatika katikati, visiwa ambavyo zamani vilikuwa vilele vya vilima. Jina likamfuata mpaka mtaani, mpaka kwa muuza mkaa, na mwisho hata mumewe, fundi wa kuchomelea mageti, akawa analitumia kila alipotaka kumtania. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye subira ya kuchora mstari mmoja asubuhi nzima, na mwenye ugonjwa mmoja tu, kama ule ni ugonjwa: hakuweza kuvumilia mtu yeyote amnunie.

Ugonjwa huo ulikuwa na asili yake. Kabla ya bwawa, bonde lile lilikaliwa na watu wa namna mbili, wa ukingo wa mashariki na wa ukingo wa magharibi, kila upande na lugha yake. Yeye alitoka magharibi, mumewe mashariki. Walipooana, ndugu wa pande zote walikuja harusini shingo upande, wakala, wakaondoka mapema. Basi wale wawili wakapatana wenyewe kwa wenyewe kwamba nyumbani mwao itasemwa lugha ya sokoni tu, ile ya kila mtu, ili asiwepo mgeni. Watoto wakakua nayo, hawajui nyingine.

Mama mkwe alipofiwa na mumewe akaja kuishi nao, naye akaingizwa katika mapatano ambayo hakuwapo yakifanywa. Ndani ya nyumba ya mwanawe wa kumzaa akawa anaomba chumvi kwa lugha aliyoitumia zamani kununulia sabuni. Aliomba kwa adabu, akiyapanga maneno polepole, na alipokosea wajukuu walicheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini walicheka. Akapunguza maneno, kisha akayapunguza tena, na wote wakawa wanasema kwamba Bibi ni mtu mkimya.

Habari njema yenyewe ilihusu ramani ya pamoja. Hii ilikuwa ramani ya kwenye simu, yeyote anaweza kuifungua, na idara ilikuwa inaijaza majina ya ghuba na visiwa vya bwawa ili wenye boti na wauguzi wa zahanati za pembeni wasipotee. Utaratibu wake haukuwa na mchezo. Kila mahali pana jina moja la mbele, linaloonekana kwa herufi kubwa. Majina mengine yote hukaa nyuma, hayaonekani mpaka mtu abonyeze. Kamati ya pande mbili iliundwa, na sehemu nyingi walimalizana kwa kugawana, hiki chenu, hiki chetu. Ghuba moja kubwa ikakataa kugawanyika, maana chini yake kilizama kijiji ambacho watu wa mashariki na wa magharibi waliishi ukuta kwa ukuta. Wa mashariki walikiita, kwa lugha yao, Mawe ya Kuanikia. Wa magharibi walikiita, kwa lugha yao, Mteremko wa Mbuzi. Walibishana vikao na vikao, wazee wazima wakinyoosheana vidole na chai ikipoa mbele yao.

Mkuu wa kitengo akachoka. Akamwambia Mama Ramani kwamba yeye amezaliwa huku na kuolewa kule, kwa hiyo atoe pendekezo. Akaumiza kichwa siku kadhaa, kisha akasimama mbele ya kamati akapendekeza jina lisilo la huku wala la kule, kwa lugha ya sokoni: Ghuba ya Amani. Wote wakapiga makofi, kwa bidii ile wanayokuwa nayo watu wanaposikia harufu ya chakula kutoka chumba cha pili. Ikapita hivyo hivyo.

Jioni hiyo, wakiwa mezani, alimwonyesha mama mkwe kabla ya mtu mwingine yeyote.

"Mama, tazama. Hapa ndipo kilipokuwa kijiji chenu."

Mama mkwe aliipokea simu kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Aliona rangi ya buluu na maandishi juu yake. Akauliza yanasemaje, akasomewa. Akalirudia lile neno amani mara moja, akilitafuna, kisha akauliza:

"Nani anakaa hapo?"

"Hakai mtu, Mama. Ni maji matupu."

Akamrudishia simu. Akamaliza chakula chake, akanawa, akawaaga vizuri, akaenda kulala. Mama Ramani akadhani amefurahi kwa namna yake, na yeye mwenyewe akalala usingizi mtamu, akaota anatembea katika barabara za chini ya maji, milango yote iko wazi, na juu ya kila mlango pameandikwa kitu asichoweza kukisoma.

Asubuhi mkoba ulikuwa mlangoni.

*

Mkoba ulikuwa umefungwa kwa kitenge, na mama mkwe alikuwa ameketi kando yake, amevaa nguo za safari. Alisema angekwenda kwa mdogo wake, kule kwenye viwanja walivyopewa watu wa bondeni walipohamishwa. Ameshatuma ujumbe, mpwa wake angekuja kumchukua mwisho wa juma. Alipoulizwa kulikoni, alijibu hakuna neno, amechoka tu. Huko kwa mdogo wake kulikuwa na vyumba viwili na watu wa kujaza vinne, na kila mtu pale mlangoni alilijua hilo.

Mume alimvuta mkewe nyuma ya nyumba, kwenye karakana yake, katikati ya mageti yasiyopakwa rangi. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Alisema jambo ni dogo: aende ofisini, alitoe lile jina la amani, aweke mbele jina la kwao, Mawe ya Kuanikia, yaishe.

"Na ndugu zangu watanitazama kwa jicho gani?" aliuliza Mama Ramani. "Watasema nimeolewa na ulimi wangu pia."

"Wewe unawaza ndugu zako. Dada yangu yuko chini ya maji yale."

Mama Ramani alilijua jambo hilo, lakini alilijua kama mtu anavyojua mambo ya zamani ya ukweni, kwa kuambiwa mara moja na kutakiwa asiulize. Mama mkwe alikuwa na binti wa kwanza, aliyekufa kwa homa kabla mume huyu hajazaliwa. Akazikwa pale kijijini. Miaka mingi baadaye, bwawa lilipokaribia kujaa, serikali ilituma watu wahamishe makaburi, wakapita na ndoo ya rangi wakiweka alama. Makaburi ya saruji yalipata alama. Mama mkwe alipowaonyesha la bintiye, walichoona ni ardhi tupu na mawe machache. Ofisa, kijana wa viatu safi, alimwomba ushahidi kwamba pana mtu. Aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni akamwambia asiwacheleweshe wenzake. Akaambiwa akae pembeni angoje, akakaa, na maji yakaja.

Mama Ramani alikuwa amechora ghuba ile kwa mkono wake mwenyewe, kila pembe, kila kina, na hata siku moja hakukumbuka kwamba ana wifi pale. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Ndiyo maana yule mama aliuliza nani anakaa hapo, na yeye akamjibu ni maji matupu.

*

Siku zilizofuata nyumba ile ilikwenda kwa miguu ya paka. Mama mkwe hakumnunia mtu. Angenuna ingekuwa afadhali. Alisalimia, alishukuru, alifagia ua. Ila mezani aliacha kuomba chumvi. Kibakuli kilipokuwa mbali naye, alikula chakula kilivyo, na mtu akimsogezea alisema hapana, kimekolea. Mama Ramani alikuwa anapika kwa mkono wake na alijua fika hakijakolea. Akajikaza kisabuni, akaenda kazini macho mekundu.

Ofisini hakukuwa na nafuu. Alimweleza mkuu wa kitengo kwamba pengine jina lile litazamwe upya. Mkuu alimtazama yeye badala ya jina. Alisema bango la chuma limeshapelekwa kwa mpaka rangi, mgeni rasmi ameshaalikwa, na kamati imepiga makofi. Kama kuna mtu wa bondeni mwenye pingamizi, aje mwenyewe kwenye kikao cha Alhamisi, aseme mbele ya watu. Halafu akacheka kidogo, akamuuliza kama ameichoka amani upesi hivyo. Wenzake wa meza za jirani wakacheka pia, na yeye akacheka nao, kwa sababu ndivyo alivyozoea, akajichukia mchana kutwa kwa kicheko hicho.

Na kana kwamba hayo hayatoshi, kaka yake mkubwa akapiga simu. Alizunguka kwanza, akauliza hali za watoto, akauliza mvua, kisha akasema amesikia dada yake amelizika jina la kwao. "Lakini nasikia umelizika na la wakwe zako pia," alisema, "basi hewala, tuko sawa." Mama Ramani aliishika simu ile hata baada ya kukatwa. Alikuwa ametafuta jina ambalo halingemuudhi mtu, na sasa mumewe alikuwa anamjibu kwa kutikisa kichwa tu, kaka yake anampiga vijembe, na mama yule aliyemlelea watoto alikuwa anakula chakula kisicho na chumvi akingoja kuchukuliwa.

Usiku, kabla hajazima taa, akaamua. Mara moja katika maisha yake angeacha watu wamnunie. Watu wa magharibi wote na wanune, kaka yake awe wa kwanza. Angeliweka jina la mama mkwe mbele.

Asubuhi alipoinama kumsalimia, kabla hajafungua kinywa, mama mkwe akamtangulia.

"Kabla sijaondoka," alisema, "nipeleke kwenye kazi yako nikaone."

*

Boti ya idara iliendeshwa na mtu aliyeitwa Taratibu, kwa kuwa hakuwahi kufanya lolote taratibu. Ilikatazwa kubeba abiria. Taratibu alimtazama mama mkwe alivyosimama gatini na kitenge chake kichwani, akamuuliza Mama Ramani kama huyu ni kifaa cha kazi. Akajibiwa ndiyo. Akasema basi kipakiwe vizuri kisilowe, na akampa mkono yeye mwenyewe, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, aliendesha polepole.

Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya bwawa. Hapakuwa na upepo. Maji yalikuwa meupe, mbingu nyeupe, na mpaka kati yake haukuonekana, hata boti ikawa haielekei popote, imening'inia tu. Miti mikavu iliyokufa imesimama ilitokeza hapa na pale, ikawakaribia, ikawapita kimya. Mama mkwe aliketi ameshika ukingo wa boti. Hakuonyesha woga.

Walipoingia kwenye ghuba, Mama Ramani aliwasha chombo cha kupimia kina. Chombo hicho kina kioo kidogo, na juu yake sakafu ya bwawa huchoreka kadiri boti inavyokwenda: mstari unapanda, unashuka, unapanda. Yeye alizoea kuona namba. Mama mkwe aliinama akatazama kwa muda mrefu, na kidogo kidogo kidole chake kikaanza kutembea juu ya kioo. Huu ulikuwa ukuta wa mwashi. Hapa palikuwa na kisima, ndiyo maana pamebonyea. Hiki kisiki ni cha ule mti uliopigwa na radi. Hizi ni ngazi za shule, hizo, zinaonekana. Alisema kwa lugha ya sokoni, na wala hakukosea hata neno moja, au labda alikosea na safari hii hapakuwa na wa kucheka. Mama Ramani alimfuata kwa macho, akahisi usingizi mwepesi umemjia akiwa macho. Ile barabara ya ndotoni ilikuwa inapita chini ya miguu yao, na huyu mama alikuwa anazisoma zile nyumba moja moja.

"Hapa," alisema mama mkwe. "Asimame hapa."

Taratibu akazima injini. Akageuka akatazama upande mwingine, kwa kuwa haraka zake zote zilikuwa na adabu ndani yake.

Mama Ramani aliona saa yake imefika. Alipiga moyo konde, akasema yote kwa mkupuo mmoja: kwamba amekosa, kwamba alichora mahali pale bila kumkumbuka aliyelala pale, kwamba Alhamisi atasimama mbele ya kamati na kudai jina la mama liwekwe mbele, Mawe ya Kuanikia, na watu wa kwao wanune mpaka wachoke.

Mama mkwe alitikisa kichwa.

"Mwanangu amekutuma?"

"Hajanituma, Mama. Nimeamua mwenyewe."

"Mmeamua wewe na yeye. Kamati imeamua, na mkuu wako ameamua. Mimi nani ameniuliza?"

Hakusema kwa hasira. Ilikuwa kweli tupu. Katika nyumba nzima iliyokuwa inatembea kwa kunyata kwa ajili ya mama huyu, hakuna aliyekuwa amemuuliza anataka nini.

"Mtoto wangu hakuwa na lugha yangu," alisema mama mkwe. "Mimi nilishinda shambani, ng'ambo ya mto, nikirudi jioni. Yeye alishinda ukuta wa pili, kwa watu wa kwenu, kwa mama mmoja mwenye mbuzi. Alipoanza kusema, akasema ya kwao. Nikimwita kwa ya kwetu, ananitazama tu, anaendelea kucheza. Baba yake alikuwa anakasirika. Mimi nikaona, nitakuwa na jioni ngapi za kugombana na mtoto? Nikamwendea yule mama, nikamwambia nifundishe maneno ya kumwitia."

Kisha akainama juu ya ukingo wa boti, akaweka mkono pembeni mwa mdomo, akaita.

Aliita kwa lugha ya magharibi. Mama Ramani alikuwa hajaisikia lugha yake kutoka kwa mtu wa nyumba ile tangu siku alipoingia, na sasa ilitoka kwa yule ambaye hakumtarajia kabisa, na ilitoka na mvuto wote wa mwisho wa maneno, ule wanaouvuta kina mama wa kwao wakisimama mlangoni jua likishuka. Njoo nyumbani, kumekuchwa, waache mbuzi. Ndivyo alivyoitwa yeye mwenyewe utotoni, kwa maneno hayo hayo. Kabla hajajizuia alikuwa analia, machozi yakimdondokea kwenye kioo cha chombo cha ofisi.

Sauti ilikwenda juu ya maji, ikaingia ukunguni. Mama mkwe alikaa akisikiliza mpaka ikaisha.

"Hayo tu ndiyo ninayoyajua ya kwenu," alisema. "Mengine sikujifunza. Hakuishi nikajifunza." Akajifuta uso kwa pembe ya kitenge. "Na pale alipajua kwa jina moja. Ukimuuliza, wewe mtoto unakaa wapi, anasema Mteremko wa Mbuzi. Ndilo nililolitafuta kwenye simu yako. Nikasema, kwa kuwa mchoraji ni mtu wa magharibi, hilo litakuwapo. Nikasikia umeandika jina ambalo akiitiwa hatageuka."

Mama Ramani alisema watu wa mashariki hawatakubali, watamtukana, watasema mama wa kwao amekwenda kuwasemea majirani. Mama mkwe aliuliza kikao ni lini. Akaambiwa ni Alhamisi. Akasema basi mpwa wake aambiwe asije. Atakwenda mwenyewe kwenye kamati hiyo, atasema kwa hii hii lugha ya sokoni, na anayetaka kucheka acheke.

Mama Ramani akatoa simu. Mikono ilikuwa imelowa, akaifuta kwenye sketi. Alifungua ghuba ile, akayafuta maneno yake aliyoyaonea fahari, akaandika pendekezo jipya la kupeleka Alhamisi, kwa lugha ya mama yake mzazi, herufi kwa herufi. Kisha kidole kikasimama.

"Na la kwenu, Mama? Mawe ya Kuanikia?"

"Liweke nyuma," alisema mama mkwe. "Mimi ni mtu mzima, nitabonyeza. Yule ni mtoto, hajui kutafuta."